Nani Huandikwa Kazi, na kwa Kalamu ya Nani?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, na kuchapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliosimama barazani kwa kukosa pa kukaa,



Mmetutaka tuzungumze juu ya kazi, nasi tumechagua kuzungumza juu ya Kasulu na Kibondo. Twaona baadhi yenu mnatazamana. Hapana ajabu. Kasulu na Kibondo ni nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, mpakani na Burundi, nchi ya baridi, ya migomba na maharage, na mtu wa Wete au wa Makunduchi aweza kumaliza umri wake asiikanyage. Lakini watu wa huko, Waha, wamekuwa wakiandikwa kazi na wageni kwa muda wa miaka themanini na zaidi, na kila aliyewaandika alikuja na daftari lake na sharti zake. Aliyeandikwa sana huijua kalamu. Ndiyo maana tumekwenda kutafuta khabari kwao, sisi ambao vijana wetu hushinda wakingoja barua ya sheha ndipo wapate kuitwa kazini.

Tuanze na wazee wao. Katika mwaka 1944 wenye mashamba ya katani wa Tanganyika waliunda idara yao ya kutafutia vibarua, ikajulikana kwa jina la SILABU. Idara hiyo ilipeleka watu wake mbali na mashamba, na Kasulu na Kibondo zikawa miongoni mwa visima vyake vikubwa. Kijana alipimwa afya, akaandikwa kwa mkataba, akapandishwa lori, kisha gari la moshi, akashushwa katika mashamba ya Tanga au ya Morogoro. Huko akapewa kipande cha siku thelathini za kazi, na namba, na kutokana na namba ile wote wakaitwa manamba. Hakuna aliyemwuliza mjomba wake kama ni mtu mwema au mvivu. Ilitakiwa mikono, nayo ilionekana.

Je, walilazimishwa kwa bunduki? La. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha kule ilikuwa haba, ilikuwako Tanga. Hiyo peke yake ilitosha. Wazee wetu hapa wanaokumbuka watu wa bara waliokuja kupalilia mikarafuu wataelewa bila ya kufafanuliwa.

Sasa tuje katika mambo ya karibu, na hapa tutakawia, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu.

Baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mwezi Oktoba 1993, watu kwa maelfu walivuka mpaka. Mwaka 1996 wakafuata Wakongo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa katika Wilaya ya Kasulu. Kambi zikaota: Mtabila na Muyovozi upande wa Kasulu, Nduta, Mtendeli na Kanembwa upande wa Kibondo. Nyingine zikafungwa kadiri watu walivyorejea makwao, Mtabila ikiwa mwaka 2012. Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena, watu wakalundikana Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikawaingilia. Nduta ikafunguliwa upya mwaka ule ule, na Mtendeli mwaka uliofuata. Mtendeli nayo imekwisha fungwa, tangu 2021.

Kila kambi ilipofunguliwa, mashirika yalihitaji watu wa kazi. Hatusemi juu ya madereva na waganga tu. Twasema khasa juu ya wale wanaoitwa wahudumu wa jamii. Kazi yao ni kupita nyumba kwa nyumba na kujua nani amefika peke yake: mtoto aliyepotezana na wazazi njiani, kikongwe asiyeweza kwenda kupanga foleni ya mgao, kiziwi asiyesikia tangazo, mwanamke aliyetendewa maovu asiyemwambia mtu. Kazi hii haina mashine. Chombo chake ni ulimi na sikio, na uaminifu wa mtu anayefunguliwa mlango.

Basi, ndugu zetu, fikirini: nani anafaa kuandikwa kazi hiyo?

Tangazo la kazi za namna hii mara nyingi huomba shahada ya chuo kikuu na Kiingereza kizuri cha kuandikia ripoti. Kijana wa mji mkuu anavyo vyote viwili. Kijana wa Kasulu hana shahada, lakini Kiha chake na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja; mama wa Kirundi akisema, yeye anasikia hata kile ambacho hakikusemwa. Mwenye shahada atahitaji mkalimani, na mkalimani huyo huenda ni jirani wa yule mama, au mume wa dada yake, ambaye mbele yake hawezi kutamka lolote. Hivyo karatasi imepata mtu wake, na mlango umebaki umefungwa.

Lakini tusiwe wepesi wa kupiga makofi. Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Mwenyeji naye ana macho yake. Amekatiwa miti ya kuni msituni mwake, amesikia visa vya wizi, huenda moyoni mwake anamwona mkimbizi kuwa ni mzigo. Na mkimbizi akiandikwa kuwahudumia wakimbizi wenzake, naye ana mkoa aliotoka, ana kabila, ana chama alichokikimbia au kilichomkimbiza. Katika nchi iliyomwaga damu kwa sababu ya hayo, si jambo dogo kumpa mtu mmoja daftari la majina ya wajane na mayatima wote wa mtaa wake. Kwa hiyo aliyesema kuwa mtu wa karibu ndiye bora kila wakati, hakusema kweli yote. Inayotakiwa ni timu iliyochanganywa, yenye wanawake wa kutosha, na juu yake msimamizi asiyekuwa wa upande wowote. Wanawake tunawataja makusudi. Yapo maneno ambayo mwanamke hamwambii mwanamume, hata awe na shahada tatu. Nao wanawake ndio waliokosa shule, ndio wenye watoto mgongoni, ndio wasioweza kuhudhuria usaili wa saa kumi na mbili jioni. Anayewataka kweli hana budi kubadilisha sharti za tangazo lake. Kuandika chini kabisa kwamba wanawake wanahimizwa kuomba ni kazi rahisi mno.

Sasa ujira. Mkimbizi anayefanya kazi hizi hapewi mshahara; hupewa fedha kidogo iitwayo motisha. Anaweza kufuatana mguu kwa mguu na mwenzake aliye raia, jua lile lile na vumbi lile lile, na mwisho wa mwezi mmoja akatia saini mshahara na mwengine akatia saini motisha. Mashirika yana majibu. Husema kwamba Sheria ya Wakimbizi ya 1998 yamtaka mkimbizi akae kambini, kwamba sheria ya 2015 ya ajira za wasio raia yataka kibali cha kazi, kwamba mkimbizi hulishwa bure, na kwamba fungu la fedha ni dogo. Mambo haya mengine ni kweli. Lakini hili la kulishwa bure tulipime: mwaka 2017 mgao wa chakula katika kambi za Kigoma ulipunguzwa kwa kukosekana fedha, na mwaka huo huo mpango wa kuwapa wakimbizi fedha taslimu ukasimamishwa. Chakula kilipopunguzwa, hoja nayo ilipaswa kupunguzwa. Hatukusikia kwamba motisha iliongezwa siku hiyo kuziba pengo.

Lipo na baya zaidi ambalo waungwana hulinong'ona. Mahali penye kazi chache na njaa nyingi, mwenye kalamu huwa sultani. Mwaka 2002 Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa na lile la Save the Children yalitoa ripoti juu ya Guinea, Liberia na Sierra Leone, iliyoeleza kwamba baadhi ya watoa misaada walikuwa wakibadilishana chakula na huduma kwa miili ya wasichana. Mwaka uliofuata Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akatoa waraka unaokataza jambo hilo, na katika waraka ule kazi imetajwa waziwazi pamoja na fedha na bidhaa: haramu kumpa mtu kazi kwa sharti la kulala naye. Angalieni, mabwana: hawakuiandika kazi katika orodha ile kwa mapambo. Waliiandika kwa kuwa walikwisha kujua kuwa kalamu ya kuajiri ni silaha.

Na mhudumu wa jamii aliyepata kazi yake kwa rushwa au kwa aibu, atakuwaje mlinzi wa aliyedhulumiwa? Atanyamaza. Yule aliyemwandika anajua siri yake.

Namna ya tatu tutaipitia kwa haraka, kwa kuwa nyinyi wenyewe mnaijua. Mfuko wa TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000, unafika Kasulu na Kibondo kama unavyofika Unguja na Pemba. Katika awamu iliyoanza 2012 kaya masikini ziliandikwa kazi za jamii, kama kuchimba visima na kutengeneza njia, siku 60 kwa mwaka, kwa ujira wa shilingi 2,300 kwa siku. Ujira huo si wa kujivunia. Lakini tazameni utaratibu wa uchaguzi: majina hutakiwa yatajwe mbele ya mkutano wa wanakijiji, mtu aweze kusimama aseme, fulani ana ng'ombe kumi, mmemwandika kwa nini? Na fulani mjane hamkumwandika, kwa nini? Kadhalika Serikali ya Muungano ilipozindua mwezi Januari 2024 mpango wake wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii kwa upande wa bara, wahudumu 137,294 kwa miaka mitano, ilikusudia kila kitongoji kipate wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Sisi wapinzani si desturi yetu kusifu, lakini utaratibu huo ukifuatwa ni mzuri. Tunasema ukifuatwa.

Maana mkutano wa hadhara nao huweza kuchezewa. Hupigwa mbiu jana usiku, wakaitwa wanaojulikana, likasomwa jina lililokwisha andikwa mapema, na makofi yakapigwa. Mkutano uliopikwa ni mbaya kuliko kutokuwa na mkutano, kwani ukilalamika baadaye huambiwa: ulikuwa wapi?

Hapa ndipo tunaporejea nyumbani. Visiwani kwetu tuna wahudumu wa kujitolea wa Jamii ni Afya, zaidi ya elfu mbili, katika wilaya zote za Unguja na Pemba. Wanapita majumbani, wanapima watoto, wanafuatilia waja wazito. Tunawaheshimu, na wengi wao wanafanya kazi kuliko posho wanayopewa. Hatumlaumu hata mmoja. Lakini tunauliza kwa sauti: kijana ambaye baba yake anajulikana kuwa ni mwanachama wetu, jina lake hupitia njia gani mpaka lifike katika orodha? Nani hulisoma kwanza? Katiba ya Zanzibar ya 1984, katika kifungu cha 12, yakataza ubaguzi, na inayataja maoni ya kisiasa miongoni mwa sababu zisizoruhusiwa. Sheria ya kazi ya bara, Namba 6 ya 2004, nayo inayataja hayo hayo. Basi hatuombi fadhila. Tunaomba kilichokwisha andikwa.

Na kwa vijana wetu wanaotaka kuvuka maji kutafuta kazi za mashirika huko Kigoma au kwengineko bara, tuna neno moja la kweli, hata kama ni chungu. Mzanzibari haruhusiwi kubaguliwa kule. Lakini ukienda Kasulu na Kiswahili chako fasaha, ukapewa kazi ambayo mtoto wa Kasulu angeiweza vizuri zaidi kwa Kiha chake, jua kwamba umekuwa wewe ndiye yule mwenye shahada tuliyemsema hivi punde. Jifunze lugha ya watu wale kabla ya kutia saini. Na ujue vile vile kwamba kazi hizi zina umri mfupi: fedha zake hutoka nchi za mbali, na Marekani ilipozuia misaada yake mwezi Januari 2025, programu nyingi duniani zilifunga milango na wafanya kazi wake wakarejeshwa majumbani. Kibondo walikwisha yaonja hayo kabla, kambi zilipofungwa na mji ukapoa.

Ndugu Mwenyekiti, hatutaki kuwachosha. Tunaomba tawi hili likubali leo mambo haya. Kila itakapotangazwa kazi ya jamii katika shehia, wanachama wetu wawili, mmoja mwanamke, waende wakaisome tarehe ya tangazo na mahali lilipobandikwa, na waiandike. Wahudhurie mkutano wa uchaguzi, wayaandike majina yaliyotajwa na majina yaliyopitishwa, bila ya matusi na bila ya ugomvi. Asiyeridhika aandike barua ya malalamiko yenye jina lake kamili na nakala yake ibaki kwetu. Na wakipita watoto wa chama kingine kwa haki, wapongezwe. Wakipita wetu kwa hila, tuwe wa mwanzo kusema.

Karani amekwisha fungua daftari juu ya meza ile. Wanaotaka kwenda katika shehia zao wajiandikishe kabla ya adhana ya Alasiri, na akina mama waanze.