Mikataba ya Uwekezaji na Madini Yetu
Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kibera na Kawangware



Mama mmoja aliniuliza: "Sasa dada, huku kwetu hakuna mgodi. Mambo ya madini yanatuhusu nini?" Yanatuhusu. Serikali ikidaiwa, anayelipa ni mwenye kodi, na sisi sote tunalipa kodi tukinunua sabuni au kredo ya simu.

Mwaka 1999 Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza wa kulinda wawekezaji. Mkataba wa namna hii humruhusu mwenye kampuni wa nje kuishtaki serikali yetu ng'ambo, mbele ya wasuluhishi wa kituo cha Benki ya Dunia kilichoko Washington. Mwanakijiji ambaye shamba lake limeharibiwa na mgodi hana mlango huo.

Kule Kwale kuna kilima cha Mrima. Ni msitu wa hifadhi, na ni kaya, mahali patakatifu pa Wadigo. Chini yake kuna niobiamu na madini mengine adimu. Machi 2013 kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya kuchimba, Agosti ikafutwa. Cortec ilishindwa Mahakama Kuu mwaka 2015, kisha ikautumia ule mkataba kudai zaidi ya dola bilioni 2.

Mwaka 2018 wasuluhishi waliikataa kesi. Kwa nini? Leseni ilitolewa bila kibali cha mazingira kinachotakiwa na sheria, kwa hiyo haikuwa halali. Sikieni vizuri hapo: ile karatasi ya NEMA ambayo wengine huiona ni usumbufu tu, ndiyo iliyotuokoa.

Jirani zetu Tanzania hawakupona. Mwaka 2017 walibadilisha sheria za madini ili nchi ifaidike zaidi, na leseni fulani za kushikilia maeneo zikafutwa. Kampuni ya Indiana ya Australia ilishtaki kupitia kampuni zake za Uingereza, kwa mkataba wa 1994. Julai 2023 ikapewa dola milioni 109. Mwaka 2024 wakapatana milioni 90. Nia ilikuwa njema, lakini ahadi ya zamani ilikuwa bado inafunga.

Basi tufanye nini? Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kikundi hamkubali mwenyekiti atie saini mkopo ambao wanachama hawajasomewa. Taifa ni vivyo hivyo. Sheria ya 2012 inataka wananchi waulizwe maoni kabla mkataba na nchi nyingine haujakubaliwa. Tangazo likitoka, chagueni watu wawili waende wakaulize:

1. Tukibadilisha sheria ili kulinda maji na ardhi, tutashtakiwa?
2. Kesi itasikizwa wapi, hapa au ng'ambo?
3. Mkataba unaisha lini, na ukiisha utaendelea kutufunga miaka mingapi?

Nanyi ambao nyumbani ni Kwale, Migori au Kakamega, wakumbusheni watu wenu: Sheria ya Madini ya 2016 inaipa jamii ya mahali madini yanapochimbwa asilimia 10 ya mrabaha, kaunti asilimia 20. Waulize yao iko wapi.

Tuandike maswali haya katika daftari la kikundi leo, kabla ya kufunga mkutano.