Magugu Tuyajue kwa Majina

Ndugu wanakisomo wa Masasi na Newala,

Mvua zikianza, majembe yote huwa shambani. Basi leo tuzungumze juu ya magugu. Tumezoea kusema, "Gugu hilo, ling'oe!" Lakini je, tunajua ni gugu gani?

Kwanza, liko gugu linaloliwa. Mchicha pori na mgagani huota wenyewe katikati ya mihogo na mahindi. Januari na Februari, ghala likiwa tupu na mahindi bado machanga, mboga hizi hutushikilia. Mnavu nao ni mboga. Majani yake tuyachemshe na kumwaga maji ya kwanza. Matunda yake mabichi yana sumu, watoto wasiyale.

Pili, liko gugu mwizi. Hili ni kiduha, mmea mfupi wenye maua madogo mekundu. Hujishika kwenye mizizi ya mahindi na mtama, ukanyonya chini kwa chini. Mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, nazo hukaa udongoni zaidi ya miaka 10. Tuung'oe kabla haujazaa mbegu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwaka unaofuata, shamba hilo tupande karanga au njugu mawe, maana kiduha hakinyonyi mazao hayo.

Tatu, liko gugu linaloua. Huu ni mnanaha. Majani yake ni mapana na yananuka. Ua lake ni refu kama tarumbeta. Tunda lake ni la mviringo, lina miiba, na ndani limejaa mbegu. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu karibu 300 waliugua na 5 wakafa. Walikula unga uliokuwa na sumu ya aina ile iliyomo katika mnanaha. Aliyekula mnanaha hukauka mdomo, mboni za macho hutanuka, naye huweweseka. Tusiseme amerogwa! Tumpeleke hospitali upesi.

Basi ndugu, kalamu tunayo. Kila mmoja achukue daftari, aende shambani na mzee anayejua. Aandike jina la gugu kwa Kiswahili, na kwa Kimakonde, Kiyao au Kimakua. Mbele ya jina aandike: linaliwa, linaiba, au linaua. Tukikutana tena, tusomeane.