Mdogo wetu akisema "niko na mawazo", tumusikilize

Wadogo zetu wa sekondari wamekuja na mashati meupe moja kwa moja kutoka masomo. Tunajua kuna waliotembea na miguu toka Kapata.

Leo hatutasema juu ya barabara wala juu ya umeme, ingawa tuko nayo mengi ya kusema. Tutasema juu ya kichwa cha mtoto wa masomo. Mu Kolwezi yetu mtoto akivunjika mguu, quartier nzima inatafuta makuta. Akivunjika roho, tunamwambia ajikaze.

Tuanze na makuta, kwa sababu njo mwanzo wa mambo mengi. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ni bure mu Kongo. Sekondari, hapana. Na munajua vile inapita: jina linasomwa mbele ya wenzake, "hujalipa, rudi nyumbani". Mtoto anabeba begi, anatoka, darasa nzima inamuangalia. Nyumbani hawezi kusema kitu, kwa sababu anajua papa hana. Siku ya kwanza anakaa kimya. Siku ya tatu anaanza kupotea njiani. Mwisho wa mwezi tunasikia ameonekana ku mto anasafisha mawe ya watu, ao ameshuka mu shimo na wakubwa. Halafu sisi tunasema: "Huyu amekuwa muvivu."

Muvivu anashuka mu shimo?

Na mwenye kubaki darasani, naye anabeba yake. Tuko mu mji wenye kukaa juu ya shaba na cobalt, na madini ile inaingia mpaka chumbani. Kasulo, tangu 2014, watu walichimba chini ya nyumba zao wenyewe. Mu 2023 Amnesty International iliandika malalamiko ya wakaaji wa Cité Gécamines: kuta zinapasuka, na familia hazijui kama zitahamishwa ao hapana. Jiulize, mtoto wa miaka 15 atajifunza kemia namna gani mu nyumba ambayo hajui kama mwaka kesho itakuwapo? Na tusisahau Juni 2019, udongo ulipoanguka juu ya wachimbaji ku mgodi wa KCC, watu zaidi ya 30 wakakufa. Waliokufa walikuwa na watoto, na wadogo. Tunauliza tu: nani alikaa na wale watoto, akawauliza wanalala namna gani?

Halafu kuko Exetat. Siku majibu inatoka, munajua: kelele, nyimbo, poudre nyeupe inamwagwa kichwani, mpaka barabara inakuwa nyeupe. Ni furaha yetu, hatutaki iishe. Lakini ku nyumba ya pili kuko mtoto aliyezima simu na kujifungia. Anasikia nyimbo za wenzake kupitia dirisha. Familia iliuza kitu juu yake, na sasa mjomba anamwambia mbele ya wageni: "Umekula makuta yetu bure." Siku hiyo, na juma lenye kufuata, njo siku za kumukaribia huyu mtoto. Tunaenda wapi sisi? Tunaenda kwenye poudre.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya vijana saba wa miaka 10 mpaka 19, mmoja anaishi na ugonjwa wa afya ya akili. Mu darasa la watoto 56, ni kama nane. Hawatembei uchi barabarani, hawaokoti takataka. Wanakaa ku banc ya nyuma. Kichwa kinawauma kila siku na munganga haoni kitu. Hawalali, ao wanalala saa zote. Wanakasirika bure. Mpira walioupenda, kwaya walioipenda, wameacha. Ikipita majuma mawili hivi bila kubadilika, usiseme ni tabia.

Nyumbani majibu inajulikana: amerogwa, ampelekwe ku chumba cha maombi. Hatukatai maombi. Wengi wetu tunaimba mu kwaya. Tunachokataa ni mtoto kufungiwa siku nyingi bila chakula, ao kuitwa mulozi kwa sababu ana huzuni. Pasta mwenye akili anaomba, halafu anasema: pelekeni mtoto ku hospitali pia.

Lakini ku hospitali gani? Kwa ugonjwa mkubwa wa akili, familia nyingi za hapa zinafikiria Lubumbashi, ku kituo Joseph Guislain cha ba-frère wa Charité. Ni njia ya kilomita 300 hivi. Nani atalipa njia ile kwa mtoto ambaye "ana huzuni tu"? Sasa kama tunangojea mpaka kila masomo ipate daktari wa akili, tutazeeka.

Njo maana tunataka muangalie Kenya. Kule kuko shirika moja, Shamiri, alilolianzisha kijana Mkenya, Tom Osborn. Walichukua vijana waliomaliza sekondari juzi juzi, wakawafundisha kidogo, wakawatuma ku masomo kuongoza vikundi vidogo vya wanafunzi. Saa moja kwa juma, majuma manne. Hakuna dawa, na hakuna kusema "weye ni mgonjwa". Wanazungumza kwamba mtu anaweza kubadilika na kukua, wanazungumza juu ya shukrani, juu ya kile kila mmoja anaona ni cha maana mu maisha yake. Walijaribu na wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu wenye kuwa na huzuni na wasiwasi mwingi, nusu wakafundishwa tu namna ya kusoma vizuri. Matokeo yalitoka mu 2021 ndani ya gazeti la JAMA Psychiatry: vikundi vyote viwili vilipata nafuu, lakini cha Shamiri zaidi, na miezi saba kisha bado ilionekana.

Musikie vizuri: vijana waliomaliza sekondari juzi. Mu chumba hii tuko na wenye licence ya saikolojia, ya elimu, ya sosiolojia, na diploma zinalala mu valizi chini ya kitanda. Kila asubuhi tunaenda kuacha barua ku milango ya makampuni, mlinzi anasema "wekeni pale". Na ku upande wa pili wa barabara, mu darasa, kuko mtoto anatafuta mtu mmoja tu wa kumusikiliza.

Wengine watasema: basi mufanye bure, ni upendo wa inchi. Hapana. Tutaanza bure, ndiyo, lakini kazi ya kusikiliza maumivu ya watu inachosha, na mwenye njaa hawezi kuifanya mwaka mzima. Makuta iko. Sheria ya migodi ya 2018 inasema kwamba 15 kwa mia ya redevance ya migodi inaenda moja kwa moja ku komine na sekta ambako madini inatoka, na 25 kwa mia ku provinsi. Dilala na Manika ziulizwe: mu bajeti yenu, ku masomo ya sekondari, kuko mstari gani juu ya afya ya akili? Tunataka jibu kwa maandishi. Kujenga ukuta na kupiga rangi ni vizuri, inaonekana ku picha. Saa ya mtoto kusemea mambo yake haionekani ku picha, lakini bei yake ni ndogo kuliko sherehe moja ya kukata utepe.

Na ku ba-prefe tunaomba mambo mawili tu. Mtoto asiyelipa, papa yake aitwe, jina lisisomwe mbele ya darasa. Na mutupe saa moja kwa juma, chumba moja, kisha masomo.

Kuko jambo moja tunataka kila mtu aende nalo leo, hata asiyerudi tena kwetu. Kama mdogo wako anasema amechoka na maisha, usicheke na usimuhubirie. Muulize wazi: "Unawaza kujiua?" Kuuliza hakumutii wazo mu kichwa, hiyo ni woga wetu. Akisema ndiyo, usimuache peke yake. Kaa naye, ita mtu mkubwa mwenye kumupenda, mupeleke ku hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku. Usimuahidi kwamba utaficha.

Sasa wenye licence na waliomaliza sekondari wanaotaka kufundishwa, mubaki, muandike majina ku meza hii, na siku mulizo nazo. Wenye saikolojia muandike mbali, njo mutatufundisha. Wadogo zetu wa sekondari, ninyi muende na ba-yaya wawili ku chumba ya nyuma. Kule hakuna simu ya kurekodi, na mlango utafungwa, sababu kuko maulizo yenu ambayo watu bote hapa hawana haki ya kusikia.