Mvuvi Naye ni Mfanya Kazi

Ndugu wanachama,

Wengine kati yetu wauliza: kwa nini sisi wa chama tuwaunge mkono watu wa Lamu waliokataa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe? Je, hatutaki kazi? Twaitaka sana. Lakini mvuvi naye ni mfanya kazi. Bahari ndiyo karakana yake. Ikiharibika, hapewi notisi wala kiinua mgongo.

Watu wa Lamu walishika njia ya sheria. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama ya mazingira ilifuta kibali cha kiwanda hicho, kwani wananchi hawakushauriwa kama sheria itakavyo.

Wala hawakukataa umeme. Nchi yetu ina mvuke wa Olkaria, na huko Loiyangalani vinu 365 vyazungushwa na upepo. Lakini hata upepo wahitaji ardhi, na ardhi ina wenyewe. Nao waulizwe kwanza.

Basi, ndugu, tukiahidiwa kazi tuulize: ni kazi ya nani, ya miaka mingapi, na majivu atabaki nayo nani?

Umoja ni nguvu.