Darubini Haikununuliwa Ikae Kabatini

Hotuba ya mwanachama wa klabu ya kutazama nyota kwa vikundi vya kujisaidia, jioni kabla ya kutazama mwezi.



Nimeombwa niseme maneno machache tukingoja giza liingie. Kwanza niwaondolee shaka: sisi si wapiga ramli. Kila tunapokwenda, kuna mtu wa kunivuta kando aniulize nyota yake inasema nini juu ya ndoa au ng'ombe. Hatujui! Klabu yetu ina walimu wawili, fundi wa baiskeli, mama muuza mboga na wengine kama hao. Hakuna aliyesomea nyota chuoni. Tunapenda tu kutazama juu, kama wazee wetu waliotazama Kilimia wakajua majira ya kulima.

Sasa niwaambie jambo ambalo si la kujivunia. Tulichanga pole pole tukanunua darubini. Halafu tukaifungia. Ilikaa kwenye kabati la mwanachama mmoja karibu mwaka mzima, kwa sababu eti itavunjika, eti itaibwa, eti watoto wataishika na mikono yenye mafuta. Nyinyi mlio na mashine ya kusaga, maneno haya si mageni kwenu.

Ikafika Jumapili, tarehe 3 Novemba 2013. Siku hiyo jua lilipatwa. Kule Turkana ulikuwa ni mwezi kulifunika lote kwa sekunde chache tu, na kwingine nchini lilimegwa sehemu, jioni likielekea kutua. Sisi wanachama tulikutana nyuma ya nyumba ya mwenzetu, tukavaa miwani maalum, tukatazama vizuri, tukanywa chai. Hatukuita jirani hata mmoja.

Mashamba matatu kutoka hapo, mtoto wa dada yangu, wa darasa la sita, alikuwa akilitazama jua kupitia kipande cha chupa kilichopakwa masizi. Hakusikia uchungu wowote. Ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha haina hisia ya maumivu, kwa hiyo inaungua kimya. Kesho yake alimwambia mwalimu kwamba katikati ya ubao kuna doa. Doa hilo analo mpaka leo, jicho la kulia. Ni mtu mzima sasa, na akisoma anageuza kichwa kando.

Mimi siku ile nilikuwa na miwani ya ziada mfukoni.

Kwa hiyo sikilizeni hili hata kama mtasahau mengine. Masizi, filamu ya eksirei, sidii, miwani ya kawaida ya jua, hata lile karai la maji: vyote vinapunguza mwangaza, lakini havitoshi. Tumia miwani maalum ya kupatwa kwa jua isiyo na mkwaruzo, au kioo cha fundi wa kuchomelea vyuma, namba 14. Huna? Toboa tundu dogo kwenye katoni, lipe jua mgongo, utazame picha yake kwenye karatasi nyeupe. Au simama chini ya mwembe. Nafasi ndogo kati ya majani zitamwaga chini vijua vingi, kila kimoja kimemegwa. Hiyo ni bure. Na msielekeze darubini kwenye jua kamwe bila kichujio chake pale mbele, maana hiyo haingoji hata dakika. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litafunikwa kabisa huko Misri na Saudi Arabia, na hapa kwetu litamegwa kidogo. Watoto waambiwe mapema.

Baada ya kisa kile ndipo tuliposoma habari za John Dobson. Aliishi miaka mingi na watawa wa Vedanta mjini San Francisco, Marekani. Pesa hakuwa nazo. Alichukua vioo vinene vya madirisha ya meli, akavisugua kwa mkono mpaka vikawa na kibonde kama sahani, akavitia kwenye bomba la karatasi ngumu la wajenzi, akalikalisha juu ya sanduku la mbao. Mwaka 1968 yeye na vijana wachache walianzisha klabu ya kutazama nyota kando ya barabara. Walisimama njiani wakiita wapita njia waje waone. Darubini za namna yake sasa zinatengenezwa dunia nzima, na hakudai malipo. Alifariki mwaka 2014, akiwa na miaka 98. Fundi wetu wa baiskeli alisema, "Sasa huyu hakuwa hata na kabati." Tukacheka, lakini tuliona haya.

Tangu hapo tunatoka nayo. Usiku mmoja tuliielekeza kwa Zohali. Nyanya mmoja akatazama ile pete, akanyamaza, akazunguka mbele ya darubini na kuchungulia kama tumebandika picha ndani. Akarudi nyuma ya laini akapanga tena. Mara ya tatu alikuja na wajukuu.

Wengine mnauliza kwa nini hatukuja mwezi ukiwa mpevu. Mwezi mpevu unaumiza macho na unaonekana bapa kama chapati. Ukiwa nusu kama leo, tazama pale mwanga unapokutana na giza: milima inatupa vivuli, mashimo yanaonekana wazi. Mshtarii nayo ina miezi minne ambayo Galileo aliiona mwaka 1610; hata darubini ndogo ya macho mawili, ile ya askari wa wanyama, inaionyesha ukituliza mikono.

Haya, giza limeingia. Zimeni tochi, hii yangu nimeifunika karatasi nyekundu isiwatie kiwi. Laini ianzie kwa nyanya zetu, halafu watoto. Kile kiti ni cha wafupi kupandia. Usiishike darubini, inamisha jicho tu. Na mwenye mikono ya mafuta pia aje.