Nyimbo za Wazee Ziingie Daftarini



Leo tuzungumze juu ya nyimbo za wazee wetu. Wengi twadhani nyimbo ni za kujifurahisha tu. Sivyo. Ndani ya wimbo mna jina la ukoo, mahali walikotoka babu zetu, na uchungu waliouona.

Tutazame mfano. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru kama 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, upande wa pili wa mlima wetu. Nyumba zilichomwa moto. Ardhi wakapewa walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York, akalipeleka shauri hilo Umoja wa Mataifa. Hayo yamo vitabuni. Lakini mama aliyehama na mtoto mgongoni, usiku alimbembeleza kwa wimbo gani? Huenda bibi yako anaujua.

Aliyekuwa na miaka 10 wakati ule, sasa amepita 80. Basi tusingoje.

Tufanyeje? Jioni tukae naye, tumwombe aimbe. Tuandike maneno kama anavyoyatamka, kwa Kimeru chake. Tuandike jina lake, la baba yake na la babu yake. Akilia, tusimkatize. Nasi tukilia, si aibu. Kukua ni kuujua uchungu wa wazee wetu bila kumchukia jirani.

Kalamu tunayo. Mzee akiondoka na wimbo wake, hakuna duka linalouuza.