Sifa za Simu ya Mezani Iliyo Sahali kwa Wazee



Nimetakiwa niseme juu ya sifa za simu ya waya ya nyumbani iliyo sahali kutumika, chombo ambacho wazee wetu walikiita simu ya mdomo ili kukipambanua na ile ya maandishi, yaani telegramu. Nami, kabla ya kuziingia sifa zenyewe, napenda ijulikane itikadi yangu, ya kwamba usahali wa chombo hiki haupimwi kwa kijana mwenye macho makali aliyekinunua, bali kwa bibi mkongwe wa miaka 80 atakayekipapasa usiku, peke yake, hali ameshikwa na maradhi.

Fadhila iliyo kubwa kuliko zote haionekani kwa macho. Simu ya waya iliyo ya kawaida haiombi umeme wa nyumba, kwa kuwa nguvu yake, kiasi cha volti 48, huletwa kutoka kituo cha simu kwa nyaya zile zile mbili za shaba zichukuazo sauti. Kwa hivyo mtaa mzima ukiingia giza, maadamu kituo kina betri zake na waya ni mzima, simu italia na mtu atasema. Lakini natahadharisha: siku hizi laini nyingi hupitia kisanduku cha intaneti kinachotegemea umeme wa nyumbani, na hapo fadhila hiyo hutoweka umeme uzimikapo, ijapokuwa simu yenyewe haikubadilika hata chembe. Mnunuzi na aulize habari hii kwanza, kabla ya rangi na bei.

Ama vitufe, habari yake sitaiharakisha. Kampuni ya Bell ya Marekani, ilipokusudia kuliacha gurudumu la kuzungusha, haikuwaachia mafundi peke yao kukata shauri. Katika maabara yake alikuwapo John Karlin, mwanasaikolojia mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyeongoza watafiti wa tabia za watumiaji, na mmoja wao, R. L. Deininger, alitangaza mwaka 1960 matokeo ya kuwajaribu watu kwa mipango mbalimbali ya vitufe. Mpango uliofuatwa ni huu tuujuao, 1 ikiwa juu, kinyume cha mashine za kuhesabia, na 0 chini; na simu za vitufe zikaanza kutolewa kwa umma huko Pennsylvania mwezi wa Novemba 1963. Husimuliwa pia kwamba watafiti hao waliingia kwa siri katika ofisi za wenzao, wakapunguza nyaya za simu inchi moja moja, wala hapana aliyetambua mpaka futi nzima ilipokwisha kuondoka. Kwangu mimi huo ndio ufundi wa kweli: kumtazama mtu kwa subira, badala ya kumdhania.

Sifa zilizobaki ni nyepesi kuzieleza. Tarakimu ziwe kubwa, nyeusi juu ya nyeupe. Kitufe cha 5 kiwe na kinundu ili kidole kijue kilipo pasi na jicho. Kitako kiwe kizito, chenye miguu ya mpira, kisiburutwe na waya. Sauti iongezwe kwa kigurudumu kilicho wazi. Taa imulike simu iliapo. Na ndani ya mkono wa simu iwemo koili inayopatana na kifaa cha kusikia avaacho mzee sikioni. Vitufe vya picha za jamaa navipenda, ila visizidi vinne, wala visikae ubavuni mwa tarakimu, kwani kidole kitetemekacho hukosea.

Nawasihi basi, ninyi mnaouza na ninyi mnaowatunza wakongwe: kabla ya kuagiza hata simu moja, mpeni mzee aishike, ampigie mwanawe bila kuelekezwa, nanyi itazameni mikono yake; akikwama, msiinunue.